Kipande, Huduma Namba na safari ya neno ‘faragha’

Kuna kauli ambayo imerudiwa mno kwenye makongamano, na sasa imeanza kupenya hata katika tasnifu za wanafunzi wetu: kwamba Mwafrika hajui faragha. Eti sisi ni watu wa ujima, watu wa kula pamoja na kulia pamoja, na kwa hivyo shughuli hii ya kulinda taarifa za mtu mtandaoni ni hamu ya Wazungu iliyoletwa kwetu pamoja na sheria zao. Aghalabu kauli hii huja imepambwa kwa majedwali. Mataifa hupangwa kwa alama, yale ya ubinafsi upande huu na yale ya ujima upande ule, kisha mtafiti akahitimisha kwamba Mjerumani huficha kwa kuwa ni Mjerumani, na Mkenya huanika kwa kuwa ni Mkenya. Majedwali hayo nimeyasoma. Yana takwimu nyingi na historia haba.

Tuanze na neno lenyewe, maana safu hii ni ya lugha. Faragha tumelitoa Kiarabuni. Huko, neno lililozaa letu lina maana ya utupu, hali ya kukosa kitu ndani au kukosa shughuli. Mwarabu wa leo akitaka kutaja haki ya mtu kutochunguliwa hatumii neno hilo. Hutumia khususiya, lenye mzizi mmoja na hasa na mahususi tunayoyajua. Ni Mswahili aliyeuchukua ule utupu akaufanya mahali. Faragha ikawa pale pasipo na watu wengine, na mtu akaweza kumwomba mwenzake wazungumze faraghani. Yaani neno hili tulipokuja kulitumia kuzungumzia haki iliyo katika Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, lilikuwa limekwisha kukaa Pwani siku nyingi likifanya kazi yake, wala halikuwa likisubiri intaneti. Nalo halikukaa peke yake. Kuna siri. Kuna sitara na kitenzi chake kusitiri. Kuna staha, na kuna aibu, ambayo ndiyo humpata anayevuliwa sitara. Watu wenye msamiati huo wote wanaambiwa kwamba dhana yenyewe hawaijui. Ebo!

Hata kama tungekosa neno, hoja isingesimama. Wajapani hutumia puraibashi, neno walilolikopa Kiingereza likabadilika kinywani mwao. Lilipata nguvu ya kisheria mwaka wa 1964, mahakama ya Tokyo ilipoamua kesi ya Hachirō Arita, waziri wa zamani wa mambo ya nje, aliyemshtaki mwandishi Yukio Mishima kwa kuyachora maisha yake katika riwaya. Arita alishinda. Sijamsikia mtu akidai kwamba kabla ya 1964 Wajapani waliishi bila kuta.

Tukitaja kuta, tazama nyumba za mawe za Lamu. Mgeni hafiki ndani kwa mkupuo mmoja. Hukutana kwanza na daka, ile sehemu ya mlangoni yenye vibaraza, na wengi huishia hapo hapo, wakanywa kahawa yao na kwenda zao. Anayepita hapo huingia kwa mpindo, ili mlango ukifunguliwa jicho la mpita njia ligonge ukuta badala ya kumwona aliyeketi uani. Kisha kuna msana baada ya msana, hadi ndani kabisa ambako mgeni wa kawaida hafiki. Mjenzi wa nyumba hiyo alikuwa ameamua, kwa chokaa na mawe ya matumbawe, nani anastahiki kuona nini. Ukitaka kumweleza mwanafunzi wa kompyuta maana ya viwango vya ruhusa katika mfumo, mpeleke Lamu. Na kabla ya yote hayo kuna hodi. Hodi hupigwa mara tatu; asipoitikiwa, mtu mwenye adabu hugeuka akaenda zake, hata kama amesikia sauti ndani.

Bara nako hakukuwa uwanja mtupu. Kijana wa Kijaluo au wa Kiluhya akikua alijenga simba yake kando na nyumba ya wazazi. Miongoni mwa Wagikuyu mwanamume alikuwa na thingira yake na mke nyumba yake. Mkwe na mama mkwe, katika jamii zetu nyingi, hawakukutana ovyo ovyo. Na liko lile katazo la kuhesabu watoto au mifugo ya mtu kwa sauti. Shuleni tulifundishwa kuliita ushirikina. Mimi naliona kuwa kanuni ya kutunza taarifa: asiye na haja ya kujua idadi ya ng’ombe wangu asiijue, kwa sababu idadi huvuta jicho, jicho huvuta mwizi, na baadaye, mkoloni alipofika, idadi ikavuta kodi.

Ipo hata hivyo tofauti moja kubwa, na tutairudia. Faragha hiyo haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilikuwa ya nyumba, ya mlango, ya ukoo. Jambo liliweza kujulikana na watu ishirini na bado likawa siri, mradi halijavuka kizingiti. Msichana ndani ya nyumba hiyo hakuwa na faragha yoyote mbele ya mamake na shangazi zake, na mwanamke aliyesitiriwa na kuta za Lamu alikuwa pia amefungiwa na kuta hizo hizo. Nalisema hili ili tusije tukaitukuza zamani kupita kiasi.

Sasa twende kwenye kitu kilichobadilisha mambo, na ambacho majedwali hayakitaji: karatasi ya serikali.

Sheria ya kuwasajili Waafrika katika koloni hili ilipitishwa mwaka wa 1915, ila kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia haikuanza kutekelezwa hadi vita vilipokwisha, mwaka wa 1919 na 1920. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na cheti chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na historia yake ya kazi: ameajiriwa na nani, kwa ujira gani, ameachishwa lini. Cheti kilitiwa katika kijaluba cha chuma, kikaning’inizwa shingoni kwa kamba. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi ya kumwachilia mfanyakazi. Bila sahihi hiyo aliyeondoka alihesabiwa kuwa mtoro, na kwa kuwa alama zake za vidole zilikuwa Nairobi, aliweza kusakwa hata akibadilisha jina. Mlowezi hakuvaa kijaluba hicho.

Watu walikiita kipande. Katika Tanganyika ya Wajerumani jina hilo hilo lilitumiwa kwa kadi ya kibarua, kwa hivyo sitaki kudai kwamba waliolitumia Kenya walikuwa wakifalsafa. Kipande cha karatasi ni kipande cha karatasi. Lakini maneno huokota maana njiani. Kwa babu zetu kipande kilikuwa mtu aliyemegwa, sehemu yake ikawekwa kwenye kabati la mtu mwingine, na ile sehemu ya kabatini ikawa na nguvu kuliko yule mzima aliyesimama mlangoni akijieleza. Hadi leo wazee, na vijana wa Sheng vilevile, hukiita kitambulisho kipande. Neno limedumu kuliko sheria iliyolizaa.

Mwaka wa 1921 Harry Thuku na wenzake waliunda East African Association, na kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makuu, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa ujira. Machi 1922 Thuku alikamatwa. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi, Muthoni Nyanjiru akawakemea wanaume kwa woga wao, risasi zikafyatuliwa, na yeye ni mmoja wa waliouawa. Tumezoea kuisoma habari hiyo kama sura ya kwanza ya siasa za uhuru. Isomwe pia kama maandamano ya mwanzo katika nchi hii kuhusu hifadhi ya data. Waliosimama pale walijua barabara maana ya taarifa zako kuwa mikononi mwa mtu asiyekutakia mema.

Kuna kisa kingine kutoka enzi hiyo ambacho hufundishwa mara chache, nacho kinanichekesha na kunichoma kwa wakati mmoja. Mwaka wa 1947 serikali ya kikoloni iliamua kuwa na usajili mmoja kwa watu wa rangi zote, na alama za vidole zikiwemo. Walowezi wakaja juu. Kuchukuliwa alama, walisema, ni kudhalilishwa. Ikaundwa tume iliyoongozwa na Sir Bertrand Glancy, na mwaka wa 1950 ikapendekeza kwamba anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza na kuleta picha zake asilazimishwe kutia vidole vyake kwenye wino. Soma tena sharti hilo. Kiingereza ndicho kilichokuwa ufunguo wa faragha. Aliyekijua alibaki na vidole vyake, asiyekijua alivitoa. Na wale wale waliolia kwamba wino unawavunjia hadhi walikuwa wamewachovya wenzao katika wino huo kwa miaka karibu thelathini bila kuona ubaya. Mtafiti wa majedwali angesema utamaduni wa Waingereza unathamini faragha. Kweli, yao.

Hali ya Hatari ilipoingia, kujulikana kukawa suala la uhai. Mnamo Aprili 24, 1954, Operesheni Anvil iliifunga Nairobi na maelfu ya watu wakapangwa mistari. Mbele yao alipitishwa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, gakunia kama alivyoitwa. Akitikisa kichwa hivi, unaenda kizuizini. Akitikisa vile, unaachiliwa. Yeye alikuona, wewe hukumwona. Sijapata mfano bora wa kumweleza mwanafunzi jinsi mifumo ya leo ya kutambua nyuso inavyofanya kazi.

Uhuru haukulivunja kabati. Wanawake walianza kusajiliwa kwa vitambulisho baada ya sheria kurekebishwa mwaka wa 1978, na hilo lilikuwa jambo jema kwao, kwani asiye na kitambulisho hana akaunti ya benki wala hati ya shamba. Lakini dola iliyorithi usajili ilirithi pia tabia ya kuchungulia. Sisi tuliokuwa vyuoni miaka ya 1980 tulijifunza kuzungumza kwa mafumbo. Mtu asiyejulikana akiketi mezani, mazungumzo yaligeuka ghafla yakawa ya kandanda. Wakati wa msako wa Mwakenya, watu waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, na juu yao, katika jengo hilo hilo, raia wengine walipanga foleni kuomba pasipoti. Abdilatif Abdalla naye alikuwa ametangulia: alifungwa mwaka wa 1969 kwa kijikaratasi alichokiandika, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga gerezani akiyaandika kwenye karatasi za msalani. Asiyejua faragha hafichi shairi.

Hapo ndipo ninapotaka kumleta Mjerumani, kwa sababu yeye ndiye kielelezo chao wapendao. Ni kweli kwamba Ujerumani ina msimamo mkali. Jimbo la Hesse lilipitisha sheria ya kulinda data mwaka wa 1970, ya kwanza duniani. Mwaka wa 1983 serikali ya Ujerumani Magharibi ilipotaka kuhesabu watu, wananchi waligoma, na Desemba 15 Mahakama ya Katiba ikatoa uamuzi uliotambua haki ya kila mtu kuamua taarifa zake zitumiweje. Google ilipopeleka Street View huko mwaka wa 2010, kaya takriban 244,000 ziliomba nyumba zao zitiwe ukungu. Je, ni damu? Ni tabia ya baridi? Hapana. Ni kabati. Utawala wa Hitler uliwahesabu watu mwaka wa 1933 na tena 1939, kadi zikatobolewa na kuchambuliwa kwa mashine, na miongoni mwa yaliyoulizwa ni dini na, katika hesabu ya pili, asili ya babu na bibi. Tunajua orodha za namna hiyo ziliwapeleka watu wapi. Kisha Mashariki ikaja Stasi, iliyokuwa na waajiriwa wapatao 91,000 mwaka wa 1989, ukiacha majirani, wenzi wa kazini na hata wanandoa waliopeleka habari kisirisiri. Faili zake zikipangwa moja baada ya nyingine zinafika kilomita 111. Mjerumani hakuzaliwa akificha nyumba yake. Alifundishwa, na ada ya masomo ilikuwa kubwa.

Wasweden nao wanaikoroga hoja zaidi. Nchini humo, tangu sheria ya mwaka wa 1766, nyaraka za serikali ni za umma, na hadi leo mtu anaweza kupiga simu akaulizia mapato yaliyotozwa kodi ya jirani yake. Kwa Mkenya hilo ni jambo la kutisha. Hapa kwetu mke huweza kuishi miaka kumi bila kujua mshahara wa mumewe. Lakini Sweden hiyo hiyo ndiyo nchi ya kwanza kuwa na sheria ya kitaifa ya data, mwaka wa 1973. Basi tumpe Msweden alama ngapi? Yuko wazi au amefunga? Swali lenyewe limeulizwa vibaya. Kila jamii hufunga mlango huu na kuacha ule wazi, na ukitaka kujua ni upi, uliza walivamiwa kupitia wapi.

Jirani zetu Warwanda wanalijua jibu lao. Kabila liliandikwa kwenye vitambulisho vyao na Wabelgiji miaka ya 1930, na mwaka wa 1994 kadi hizo zilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Baada ya hapo kipengele hicho kiliondolewa. Sisi hatuandiki kabila kwenye kadi, ila wilaya ya kuzaliwa, lokesheni na lokesheni ndogo zimekuwa zikifanya kazi hiyo kwa adabu, na katika ghasia za 2007 na 2008 wapo waliotakiwa kuzitoa kwenye vizuizi.

Kwa usuli huo, Huduma Namba ya 2019 haikupaswa kumshangaza mtu. Serikali ilitaka kila mkazi ajisajili upya kwa alama za mwili. Kifungu cha sheria kilichorekebishwa kilitaja hata chembechembe za DNA na mahali halisi mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Kukazuka minong’ono: wengine walisema ni chapa ya mnyama ya kitabu cha Ufunuo, wengine walisema ni njama za kura. Wasomi tuliwacheka wale wa mnyama. Tulikosa adabu, naona. Yule mama aliyekataa kwa sababu ya 666 na yule wakili aliyekataa kwa sababu ya Kifungu cha 31 walikuwa wakisema jambo moja kwa msamiati tofauti: kwamba mwenye kuandika ana uwezo juu ya anayeandikwa. Mahakama Kuu ilisikiza kesi, na Januari 30, 2020 ikayafuta hayo ya DNA na setilaiti, ikisema mpango ungeendelea tu kukiwa na kanuni madhubuti za ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwa imetiwa sahihi Novemba 2019, kesi ikiwa bado mahakamani. Oktoba 2021 mahakama ikasimamisha kadi zenyewe kwa kuwa tathmini ya athari kwa data haikuwa imefanywa.

Lakini mamilioni walijisajili, na siku za mwisho foleni zilikuwa ndefu ajabu. Wapinzani wangu hushangilia hapa: “Umeona? Mkenya hajali!” Subirini kidogo. Mlalamishi wa kwanza katika kesi ile alikuwa shirika la kutetea haki za Wanubi. Wanubi waliletwa Kenya kama askari wa Mwingereza, wakakaa Kibra zaidi ya karne moja, na bado kijana wao akiomba kitambulisho amekuwa akipelekwa mbele ya jopo la kumhoji asili yake. Hofu yao kuu haikuwa kujulikana. Ilikuwa kuachwa nje ya orodha, kwamba asiye na kadi ya zamani atakosa namba mpya na hivyo kukosa shule, hospitali na kazi. Wakenya Wasomali walipigwa msasa mwaka wa 1989 wakapewa kadi za waridi za kuthibitisha uraia ambao jirani zao hawakutakiwa kuuthibitisha. Na Garissa kuna Wakenya ambao wakati wa ukame walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula. Alama zao za vidole zimebaki katika hifadhidata ya wakimbizi, na kompyuta imekataa kuwapa vitambulisho. Mtu wa namna hii hasimami kwenye foleni kwa kuwa hathamini faragha. Amejifunza kwamba asiyeandikwa hayupo. Kipande kiliwaumiza babu zetu kwa kuwaandika. Hawa wameumizwa kwa kutoandikwa, au kwa kuandikwa pasipo pao.

Nirudi sasa kwenye ile tofauti niliyoiahidi, ya faragha kuwa mali ya nyumba. Ingia kwenye kundi lolote la WhatsApp la harambee. Utakuta picha ya mgonjwa amelala kitandani, jina la hospitali, jina la maradhi, bili hadi senti ya mwisho, na chini yake orodha ya waliochanga na kiasi walichotoa. Mjerumani akiiona atazimia. Kwetu hili lina mantiki yake: ugonjwa ni wa nyumba nzima, orodha huzuia wizi, na anayechanga hupenda kujua anachangia nini. Miaka ya nyuma karatasi hiyo ilizunguka mkutanoni na kurudi kwa mweka hazina. Ilikuwa na kizingiti. Kwenye simu haina. Picha iliyotumwa kwa watu hamsini wa ukoo inafika kwa mwajiri wa mgonjwa kabla ya jioni, naye mgonjwa mwenyewe hakuulizwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo palipo na hatari kwetu, wala si katika upungufu wa utamaduni. Tulijua kulinda mlango. Simu imeuondoa mlango na kutuachia adabu za mlangoni zisizo na pa kusimama.

Wakopeshaji wa kidijitali waliliona pengo hilo mapema kuliko sisi wasomi. Ulipoipakua programu yao ili upate mkopo wa elfu mbili, ilikuomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako. Ukichelewa kulipa, simu zilianza kupigwa: kwa mjomba, kwa mchungaji, kwa bosi, kwa mama mkwe, yule yule ambaye mila ilitaka mkae mbali naye. Walijua kwamba Mkenya haogopi sana mahakama ya madeni, anaogopa aibu. Hawa ndio waliousoma utamaduni wa taifa kikamilifu, na waliusoma ili kuugeuza kiboko. Kanuni za Benki Kuu za mwaka wa 2022 zilipiga marufuku mchezo huo, na mwaka uliofuata Kamishna wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja karibu Sh3 milioni, na shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Lakini sheria yenyewe ina fundo. Inamtambua mtu mmoja mmoja na kumuuliza kama amekubali. Mkopaji alipobonyeza, alikubali kwa niaba ya nani? Namba ya mjomba ni ya mjomba. Orodha ya majina kwenye simu ni ukoo mzima uliokunjwa ukatiwa mfukoni, na mtu mmoja aliye na shida ya karo hana mamlaka ya kuukabidhi. Wataalamu wetu wa sheria wakitaka kuichangia dunia kitu kipya, waanzie hapa, kwenye siri ya nyumba, badala ya kunakili vifungu vya Ulaya.

Na sisi wa lugha tuna kazi yetu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini masharti ya faragha kwenye programu tunazozitumia kila siku yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa nenda rudi, na mwisho wake kitufe. Tofauti yake na ile fomu ya Glancy siioni vizuri. Tena hata tunapotafsiri, tunatafsiri kwa pupa. Nimeona idhini, ridhaa, kibali na ruhusa yakitumiwa ovyo kama kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ruhusa na kibali hutoka juu kushuka chini: mwalimu humpa mwanafunzi ruhusa, kaunti hutoa kibali cha ujenzi. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka juu ya jambo. Ridhaa hutoka moyoni; ni ndugu wa radhi na kuridhika, na mtu aliyebanwa hana ridhaa hata akisema ndiyo mara mia. Bibi harusi huulizwa ridhaa yake, haombwi kibali. Neno la sheria ya data, kwa hivyo, linafaa kuwa ridhaa, na kitufe kisomeke “Nimeridhia”, ili anayebonyeza ajiulize kama kweli ameridhia.

Mtu asidhani nagombania herufi. Mwaka wa 2023 watu walijaa kwenye jumba la KICC, Nairobi, wakachunguzwa mboni za macho na kifaa cha Worldcoin, wakalipwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban Sh7,000. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti. Kwenye magazeti na runinga tukasikia tena ile kauli: Mkenya huuza hata macho yake, hana utamaduni wa faragha. Bei ya unga mwaka huo hawakuitaja. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe, na mojawapo ya sababu ni kwamba kukubali kwa watu wale kulipatikana kwa kushawishiwa na malipo. Kwa Kiswahili changu, jaji alisema kulikuwa na idhini lakini hapakuwa na ridhaa. Waliopiga foleni pale walipewa siku saba za mahakama kuwa ulinzi wao: muda ambao kampuni ilitakiwa iwe imefuta kila kitu, katika kabati ambalo hakuna hata mmoja wao amewahi kuliona.